Kuikagua na Kuitunza Fremu ya Rickman Mjini Mombasa

Anayenunua pikipiki ya Rickman hununua fremu kwanza, kwa kuwa injini ya Triumph, ya Honda CB750 au ya Kawasaki Z1 bado hutengenezeka kwa vipuri vya kuagizwa, ilhali fremu yenyewe ilitoka katika karakana ya ndugu wawili, Derek na Don Rickman, huko New Milton, Uingereza, na ikipinda au kuliwa na kutu si kitu cha kutafutwa dukani. Basi usihadaike na tangi linalong'aa.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye logbuku. Fremu nyingi ziliuzwa pamoja na vifaa vya kuunganisha, mnunuzi akatia injini aliyokuwa nayo, kwa hiyo namba ya injini kutofanana na ya fremu si kasoro. Kasoro ni namba iliyopitishwa grainda, na hapo ni afadhali urudi nyumbani na pesa zako.

Kinachohitaji subira ni kutafuta nyufa. Mabomba ni ya chuma cha Reynolds 531, membamba na mepesi, yaliyounganishwa kwa bronzi kisha yakapakwa nikeli. Safisha shingo ya fremu, mashikio ya injini na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapochezea, upake mafuta ya taa na uyaache yapenye kwa muda wa nusu saa. Futa hadi pakauke kabisa, halafu upake unga wa chaki za shuleni. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mwembamba uliokolea juu ya weupe wa chaki.

Unyoofu hupimwa kwa uzi wa mwashi uliozungushwa nyuma ya tairi la nyuma na kuvutwa mbele pande zote mbili, ukigusa kingo za tairi hilo. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kushoto na kulia. Usiilaumu fremu upesi, lakini. Fremu nyingi za Rickman hukazwa cheni kwa visahani vyenye tundu lisilo katikati, vilivyopo kwenye mhimili wa mkono wa nyuma, na kisahani kimoja kikipitwa na mwenzake hata kwa hatua moja, gurudumu huenda upande.

Ufa ukipatikana, usiupeleke kwa mchomeleaji wa mageti, hata awe hodari. Moto wa umeme ukikutana na mabaki ya bronzi, shaba iliyomo ndani ya bronzi huyeyuka, hupenya katika chuma na kuzaa nyufa mpya kando ya kiungo. Mtafute fundi wa gesi aliyezoea mabomba membamba, na ikiwa ni Métisse (jina la modeli ya Rickman) ya injini ya Triumph, ambayo huweka oili ndani ya mabomba ya fremu, imwage yote kabla ya kazi na uyasuuze mabomba baadaye, la sivyo chembe za chuma zitaingia kwenye beringi za injini.

Adui wa kila siku hapa pwani ni chumvi. Nikeli haikingi chuma kama zinki: ikikwaruzika hadi ndani, chuma ndicho huliwa, na kutu hutambaa chini yake mpaka ibambuke. Kwa sababu hiyo msasa na sufi ya chuma ni marufuku. Ukitoka Nyali au Likoni upepo wa kusi ukivuma, ioshe pikipiki, ila si kwa maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za kisiwani yana chumvi. Tumia ya mfereji au ya mvua. Ikaushe kwa leso kuukuu, upake nta ya gari, na chini ya injini, ambako mkono haufiki vizuri, oili nyepesi. Ifunike kwa shuka la pamba, kwani turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, na wakati wa masika uifunue kila asubuhi isiyo na mvua.