Kukadiria Paneli za Sola za Kuchajia Gari la Umeme

Kabla ya kununua paneli, anza na kilomita unazoendesha kwa siku, wala si ukubwa wa paa lako. Gari dogo la umeme hutumia takriban kilowati-saa (uniti za umeme) 18 kwa kilomita 100, hivyo mwendo wa kilomita 40 huhitaji kama 7. Paneli ya wati 400 ikipata saa 5 za jua kali hutoa kilowati-saa 2, lakini joto, vumbi na upotevu kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) huzipunguza hadi kama 1.6, kwa hiyo paneli 5 zinatosha, ingawa mimi ningeongeza ya sita kwa ajili ya siku za mawingu. Chaji mchana, jua likiwa utosini, kwa kuwa kuchaji usiku kutahitaji betri ya kuhifadhia umeme.