Namna ya kuandika haki za wote kwa baraza la mataifa la kesho

Kabla ya kuandika neno la kwanza, amueni mnaandika tamko au mkataba. Tamko hupitishwa kwa kura, likabaki ahadi. Mkataba husainiwa, kisha kila nchi huuridhia kwa utaratibu wake, na hapo ndipo unapoibana. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Mikataba miwili iliyolipatia meno ilikuja 1966, ikaanza kutumika 1976. Baraza changa lianze na tamko. Ibara zisizidi 30, kama za tamko la 1948, na kila ibara ibebe haki moja tu.

Ibara nzuri hujibu maswali haya: haki ni ya nani, ni haki gani, nani anawajibika kuitimiza, mpaka wake uko wapi, na aliyenyimwa adai wapi. Tazameni rasimu hii, ya aina inayoandikwa sana:

"Kila raia ana haki ya kulindwa dhidi ya akili mnemba, kwa mujibu wa sheria."

Inasomeka vizuri na haimsaidii mtu. "Raia" inamwacha nje mkimbizi na asiye na uraia wowote. "Kulindwa" haisemi alindwe na nani. "Akili mnemba" ni jina la chombo cha leo, na vyombo hubadilika, taja madhara. Ibara ikirekebishwa inakuwa hivi:

"Kila mtu ambaye uamuzi wa mashine umegusa uhuru, kazi, matibabu au makazi yake ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na ya kusikilizwa na binadamu mwenye mamlaka ya kuutengua. Taasisi iliyoitumia mashine hiyo ndiyo inayowajibika."

Idadi ya siku za kusubiri jibu iacheni kwa ajili ya mkataba. Tarakimu ndani ya tamko hula vikao vizima.

Sasa lile neno la mwisho, "kwa mujibu wa sheria". Hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu serikali inayokunyima haki ndiyo inayotunga sheria. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 una kasoro hiyo: ibara ya 9 inaruhusu kutoa maoni, ila ndani ya mipaka ya sheria. Badala yake andikeni ibara moja ya mipaka kwa haki zote: kizuizi kiwe kimewekwa na sheria iliyo wazi, kiwe cha lazima kwa lengo lililotajwa, na kisizidi kiasi kinachohitajika. Chini yake orodhesheni haki zisizoguswa hata wakati wa hali ya hatari, kama kutoteswa na kutofanywa mtumwa.

Rasimu ikikamilika, itafsiriwe kwa angalau lugha tatu zisizo na undugu. Hansa Mehta, mjumbe wa India, alipigania ibara ya kwanza ya 1948 iseme binadamu wote, maana kwa Kiingereza neno lililokuwapo liliweza kusomwa kuwa ni wanaume tu. Kiswahili kilimaliza jambo hilo kwa "watu wote", na "watendeane kindugu" inamchukua dada sawasawa na kaka. Watafsiri wakileta maana mbili, msiwalaumu. Sentensi ya asili ndiyo yenye kasoro.

Kanuni za kura ziwekwe mapema. Mwaka 1948 nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 zilijizuia. Amueni kama wanaojizuia wanahesabiwa katika theluthi mbili ya kura zinazotakiwa ili kupitisha, la sivyo ugomvi utazuka matokeo yakishatangazwa. Mapendekezo ya marekebisho yaletwe kwa maandishi, yakionyesha neno linalotoka na linaloingia. Pigieni kura ibara moja moja, kisha waraka mzima. Baada ya hapo kamati ya uandishi isiguse kitu isipokuwa namba za ibara na alama za uandishi. Hata mkato ukihama unaweza kubadili haki, basi urudishwe kwa wajumbe.