Mgodi Ukiwa Jirani: Jinsi Kijiji Kinavyofuatilia Fedha za CSR Tanzania

Kwanza tenganisheni mifuko ya fedha zinazotoka mgodini, maana hapa ndipo mikutano mingi inapoharibika. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo kwa madini yanayochimbwa, kwa kawaida asilimia 6 ya thamani yake, huenda Serikali Kuu pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma huingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo huo uulizwe kwenye bajeti ya halmashauri. CSR, yaani wajibu wa mgodi kugharamia miradi ya jamii inayouzunguka, ni mfuko wa tatu. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni kuandaa mpango kila mwaka na kukubaliana na halmashauri juu yake. Mkimuuliza ofisa wa mgodi habari za mrabaha atajibu kwamba ameshalipa, na atakuwa hajadanganya.

Mpango ukishasainiwa, kuubadili ni kazi ngumu. Kwa hiyo pitisheni kipaumbele mapema kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uwe na mahudhurio, sahihi za mwenyekiti na mtendaji, na muhuri. Msiandike "elimu". Andikeni "vyumba viwili vya madarasa, shule fulani, msingi umekamilika". Muhtasari uende kamati ya maendeleo ya kata, kisha diwani aubebe hadi halmashauri. Angalieni kalenda: mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, wa kampuni nyingi huanza Januari. Ombi la Desemba mara nyingi hukuta meza imeshafungwa.

Kama mnataka zahanati, hakikisheni watumishi na dawa vimo kwenye bajeti ya halmashauri. Mgodi hujenga kuta, hauajiri muuguzi.

Mpango ukiidhinishwa, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tajeni mwaka na nyaraka zenyewe: mpango ulioidhinishwa, BOQ (orodha ya vifaa, vipimo na bei) ya mradi wenu, mkataba wa fundi, taarifa ya utekelezaji. Barua inayoomba "taarifa zote za CSR" hujibiwa kwa maneno matamu tu. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwa sababu siku 30 za kujibu huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.

Kazi yenyewe iko eneo la ujenzi. Kamati ya watu watatu au wanne iwe na BOQ mkononi siku vifaa vinaposhushwa. Hesabuni mifuko ya saruji kabla ya mtu yeyote kusaini hati ya mapokezi. Pimeni nondo: ya milimita 10 ikiletwa badala ya 12, jicho halitambui kirahisi, kipimo kinatambua. Kwenye bati someni geji. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hivyo 30 si sawa na 28 hata rangi ikifanana. Kisha linganisheni bei za BOQ na za duka la mjini, mkiongeza usafiri. Mfuko wa saruji ukiandikwa bei maradufu, boma litaishia kwenye linta ilhali kitabuni fedha zimekwisha.

Mkiona pengo, lipelekeni kwa maandishi kwa mtendaji na diwani, na nakala kwa mkurugenzi, mkiweka namba mbili kando kwa kando: iliyoandikwa na iliyohesabiwa. Kikao cha baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi. Nendeni msikilize kama hoja yenu imesomwa.