Kujiandaa kwa upasuaji wa saratani ya pafu, na wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani

Somo hili ni la mgonjwa ambaye daktari ameshamwambia kwamba saratani yake ya pafu bado inaweza kuondolewa kwa upasuaji, na ni la yule atakayemsindikiza. Ambaye hajafika hapo, hasa aliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado anakonda au anakohoa damu, arudi hospitali aulizie picha ya CT (ile ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kifua) na kutolewa kinyama cha kupimwa, kwa kuwa dalili za magonjwa haya mawili hufanana na wengi huchelewa kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza ni kujua kitakachoondolewa. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu na la kushoto lina mbili. Mara nyingi huondolewa sehemu moja yenye uvimbe pamoja na tezi za karibu, na mara chache pafu zima. Muulizeni daktari pia kama atapitisha kamera kwenye matundu madogo au atafungua kifua kati ya mbavu, maana njia ya pili huwa na maumivu zaidi na kupona kwake huchukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya pili ni kuacha tumbaku, na hapa sitalainisha maneno. Sigara na shisha ziachwe siku ile ile mgonjwa anapoambiwa habari ya upasuaji. Wiki 4 au zaidi bila moshi hupunguza nimonia na kusaidia kidonda kufunga, na hata muda ukiwa mfupi kuliko huo, kuacha kuna faida. Moshi wa nyumbani nao uhesabiwe: mgonjwa asikae jikoni penye kuni au makaa, na chetezo cha udi kitolewe chumbani mwake, hata kama wageni wanakuja kumjulia hali.

Hatua ya tatu, kuzoeza mapafu na mwili, ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo husahaulika kwa sababu haina dawa wala risiti. Pafu litakalobaki litafanya kazi ya lile lililopungua, kwa hiyo lizoezwe mapema. Mgonjwa aketi wima, avute pumzi kwa pua polepole mpaka mbavu zipanuke, aizuie kama sekunde 3, kisha aitoe taratibu kwa mdomo. Arudie mara 10, na afanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Atembee kila siku mpaka aheme kidogo, bila kufikia kushindwa kuzungumza. Aliye Lamu ana ngazi za nyumba za mawe, naye azitumie, kwani hata madaktari huangalia mgonjwa anapanda ngazi kiasi gani kabla ya kuamua kama mwili wake utastahimili upasuaji. Chakula kiwe na samaki, mayai, kunde na maziwa, maana mwili uliodhoofu hufunga kidonda kwa shida.

Karatasi na dawa zisiachwe mpaka siku ya safari. Wagonjwa wengi wa kwetu Lamu hupelekwa Mombasa au Nairobi, kwa hiyo hakikisheni malipo ya SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) yamekamilika, mkaulize hospitali yenyewe ni gharama ipi italipwa na ipi itabaki kwenu. Orodhesheni kila dawa, pamoja na za mitishamba. Aspirini na warfarini, ambazo huzuia damu kuganda, pamoja na dawa za kisukari, huhitaji maagizo ya daktari kuhusu lini zisimamishwe; mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake. Kwa kawaida chakula husimamishwa muda wa saa 6 au zaidi kabla ya nusukaputi, na maji matupu muda wa saa 2, lakini neno la daktari wa ganzi ndilo la kufuatwa. Pakieni mashati ya vifungo au dera pana, kwa kuwa kanzu ya kuvaliwa kichwani itamtesa mtu asiyeweza kuinua mkono.

Akizinduka, atakuta mrija umetoka ubavuni na kuingia kwenye chupa yenye maji. Mrija huo hutoa hewa na majimaji ili pafu litanuke tena. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata akienda msalani. Mrija usikunjwe wala kulaliwa. Viputo vikionekana kwenye maji anapokohoa, ni hewa inayovuja kutoka pafuni, na siku za mwanzo jambo hilo si la ajabu. Msindikizaji asibane mrija kwa kudhani anasaidia.

Kukohoa ni lazima. Akumbatie mto juu ya kidonda, avute pumzi, kisha akohoe kwa nguvu. Anayejikaza bila dawa ya maumivu hatakohoa, na makohozi yakibaki ndani huleta nimonia, kwa hiyo kuomba dawa kabla maumivu hayajapanda si udhaifu. Dawa kali hufunga choo. Papai na maji ya kutosha husaidia. Atembezwe mapema, kwa kawaida siku inayofuata, ili damu isigande miguuni.

Nyumbani, mazoezi ya pumzi yaendelee, na mkono wa upande uliopasuliwa uinuliwe kila siku ukitambazwa ukutani, la sivyo bega litakakamaa. Asibebe ndoo ya maji wala mtoto mpaka daktari aruhusu, jambo ambalo kwa kifua kilichofunguliwa mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 8. Kwenye vichochoro vya Lamu asitembee peke yake siku za mwanzo: punda aliyebeba mawe hapishi mtu, na pigo moja la shehena kwenye mbavu hizo ni balaa. Arudishwe hospitali mara moja akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, pumzi kukatika ghafla, kukohoa damu nyingi, au mguu mmoja kuvimba.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mwanachama wa Shela: Baba anakataa upasuaji. Anasema kansa ikiguswa na kisu na kupigwa upepo husambaa. Tumjibu nini?

Jibu: Mwanangu, mwambieni kwa heshima kwamba upepo hausambazi saratani. Imani hii imetokana na wagonjwa waliofunguliwa ugonjwa ukiwa umeshaenea, wakafariki baadaye, lawama ikaangukia kisu. Mwombeni daktari amwonyeshe picha yake mwenyewe. Wazee wengi hukubali jambo wanaloliona.

Mwanachama wa Mkomani: Tumrudishe mama Lamu kwa ndege mpaka Manda, penye uwanja wa ndege, au kwa basi?

Jibu: Hewa iliyobaki kifuani hutanuka ndege inapopanda juu, kwa hiyo asipande kabla ya eksirei na ruhusa ya daktari. Kwa basi, hatari ni kuketi muda mrefu: ashuke atembee kila linaposimama, na ikiwezekana mlale Malindi kabla ya kuendelea Mokowe, penye gati la boti za Lamu. Kwenye boti msimvute kwa mkono wa upande wa kidonda, mshikeni kiunoni.

Mwanachama wa Malindi: Ramadhani itamkuta mume wangu na kidonda. Afunge? Na kusujudu je?

Jibu: Dada yangu, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na kwa wakati huu anahitaji maji na dawa kwa saa zake. Aswali ameketi kitini, akiinama kadiri awezavyo. La fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga, muulizeni ustadh wenu.

Mwanachama wa Lamu: Mimi ni nahodha. Nikiondolewa pafu zima, nitaishi kweli?

Jibu: Bwana nahodha, mwaka 1933 huko St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham aliondoa pafu zima la kushoto la mgonjwa mwenye saratani, naye alikuwa daktari pia. Mgonjwa huyo aliishi miaka 30 zaidi, ilhali Graham, aliyekuwa mvutaji sigara, alifariki kwa saratani ya pafu mwaka 1957. Inawezekana kuishi kwa pafu moja, lakini utahema mapema ukivuta nyavu au kupandisha tanga, na kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa usikujaribu bila idhini ya mtaalamu wa mapafu.

Mwanachama wa Malindi: Kidonda kimefunga, lakini chini ya titi kuna ganzi na mwasho kama moto. Je, kansa imerudi?

Jibu: Mishipa ya fahamu hupita chini ya kila ubavu, nayo huumia wakati wa upasuaji, ndiyo maana ganzi na mchomo huo huweza kudumu miezi. Ziko dawa za maumivu ya mishipa, tofauti na panadoli, kwa hiyo mweleze daktari kwenye kliniki. Maumivu yanayopungua wiki hadi wiki ni ya kawaida. Yanayoanza upya baada ya kupoa, au yanayozidi, yachunguzwe bila kungoja tarehe ya kliniki.