Jinsi ya kufanya utafiti wa sampuli, kuanzia kuchagua watu mpaka kusoma majibu

Watu wengi wakipewa kazi ya utafiti wa sampuli, yaani kuuliza maswali watu wachache ili ujue ya kundi zima, cha kwanza wanachotaka kujua ni "nichukue watu wangapi?" Mi nasema hilo lisubiri kwanza, la kwanza ni utawapataje hao watu, manake ukiwapata vibaya hata wakiwa milioni hawakusaidii. Na hii ilishatokea kweli. Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza mgombea Landon anashinda, halafu mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na kipindi kile uchumi umeanguka mwenye simu au gari alikuwa na hali nzuri kuliko wenzake, halafu juu ya hapo waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa kama robo tu. Mwaka huohuo mtafiti wa maoni George Gallup akiwa na sampuli ndogo kwa mbali akamtaja mshindi sawasawa.

Kwahiyo anza na kuandika sentensi moja: nataka kujua nini, kuhusu kina nani, kipindi gani. Usiandike "wanafunzi", andika "wanafunzi wote waliosajiliwa chuoni muhula huu, wa digrii ya kwanza na wa masters". Ukishaandika hivyo utaona mwenyewe maswali yanakuja, je walioahirisha masomo wamo? wanaosoma kwa mtandao wamo? Amua sasa hivi, usisubiri data zimeshafika ndo uanze kuamua.

Halafu tafuta orodha. Hapa ndo kazi kubwa ilipo na ndo sehemu watu wanaipita haraka. Unahitaji orodha ambayo kila mtu wa kundi lako yumo, na yumo mara moja tu. Orodha nyingi zina majina yaliyojirudia, watu walioshaondoka, na wapya hawajaingizwa bado. Jiulize nani hayumo na kwanini hayumo, kwa sababu asiyekuwemo kwenye orodha nafasi yake ya kuchaguliwa ni sifuri na hakuna hesabu yoyote baadae itakayomrudisha. Kama huna orodha ya watu tumia orodha ya vitu wanavyopatikana humo, yaani shule, mitaa, kaya, chagua hivyo kwanza ndo ushuke kwa watu.

Sasa kuchagua. Kanuni ni moja tu: kila mtu awe na nafasi ya kuchaguliwa ambayo sio sifuri na ambayo wewe unaijua. Sio lazima nafasi ziwe sawa, ila lazima uzijue. Ukisimama getini ukauliza wanaopita, au ukarusha linki kwenye magrupu ya WhatsApp, hujui nafasi ya mtu yeyote, kwahiyo umekusanya maoni ya waliopita au ya wanaopenda kujaza fomu, na huwezi kusema ndo maoni ya wote.

Njia rahisi ni kumpa kila jina namba halafu kompyuta ichague kwa bahati nasibu. Nyingine ni kuruka kwa hatua, tuseme orodha ya chuo ina majina 6,000 na unataka 500, unagawa unapata 12, kompyuta inakupa namba moja kati ya 1 na 12 kwa bahati nasibu, ikitoka 7 unachukua wa 7, wa 19, wa 31 mpaka mwisho. Angalia tu orodha isiwe imepangwa kwa mtindo unaojirudia, mfano kila wa 12 ni kiongozi wa kikundi, hapo utajikuta una viongozi watupu au huna hata mmoja.

Kama ndani ya kundi kuna makundi madogo unayotaka kuyasemea peke yake, ligawe kwanza kwa matabaka halafu uchague ndani ya kila tabaka. Chukua chuo hicho cha watu 6,000, wa digrii ya kwanza 5,400 na wa masters 600. Ukichukua 500 kwa uwiano wao utapata wa masters 50 tu, na watu 50 kosa lake, yaani jibu lako kupishana na ukweli wa kundi zima, linaweza kufika karibu asilimia 14 juu au chini, huwezi kusema kitu cha maana hapo. Bora uchukue 350 na 150. Umewapendelea wa masters makusudi, hakuna ubaya, ila kumbuka umefanya hivyo, tutarudi hapo kwenye hesabu.

Njia ya klasta ni pale unapochagua madarasa au mitaa kwanza halafu unahoji watu humohumo. Inaokoa nauli na muda kweli, lakini watu wanaokaa pamoja wanafanana, kwahiyo mtu wa 20 kwenye darasa lilelile hakuletei habari mpya kama angetoka darasa lingine. Unapimaje hasara hiyo? Chukua idadi ya watu kwa kila klasta, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni wote sawa), jumlisha 1. Watu 20 kila darasa na kufanana 0.05 inakupa 1.95, maana yake watu wako 500 wana nguvu ya watu kama 256 waliochaguliwa mmojammoja. Ukiweza ongeza madarasa upunguze watu kwa kila darasa.

Haya, idadi. Kwa swali la asilimia, ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisizidi asilimia 5, unachukua 1.96 (ndo namba ya kitakwimu ya uhakika huo) mara 1.96, unazidisha kwa 0.5 na 0.5 tena, unagawa kwa 0.05 mara 0.05, inatoka 384 na kidogo, kwahiyo 385. Tunaweka 0.5, yaani nusu wanasema ndiyo na nusu hapana, kwa sababu ndo hali mbaya kuliko zote, kama hujui jibu litaangukia wapi hapo uko salama. Cha kushangaza ni kwamba ukubwa wa kundi lenyewe haubadilishi sana, watu laki moja au milioni 50 namba inabaki palepale, inashuka tu kundi likiwa dogo, kwa wale 6,000 inakuwa kama 361. Na ukitaka kosa lipungue nusu unahitaji watu mara nne, sio mara mbili, kwahiyo pigia hesabu mfuko wako kabla hujaahidi kosa la asilimia 2. Halafu ongeza kwa ajili ya wasiojibu, ukitegemea 7 kati ya 10 watajibu gawa 361 kwa 0.7, chagua 516.

Maswali yaandike kama unavyoongea. Swali moja liulize kitu kimoja, "umeridhika na bei na huduma?" ni maswali mawili na mtu aliyeridhika na huduma ila sio bei hana pa kuweka alama. Usimuelekeze mtu jibu ("hudhani kwamba...") na usimuulize vitu vya mwaka mzima uliopita ambavyo hakumbuki, muulize wiki iliyopita. Weka nafasi ya "sijui". Halafu lijaribu dodoso kwa watu wachache wanaofanana na utakaowahoji, waombe wakueleze walivyoelewa kila swali, utashangaa.

Kwenye kukusanya kuna kosa moja ambalo mi naliona baya kuliko mengine yote, mhojaji anafika kwenye nyumba iliyochaguliwa hakuna mtu, anaenda ya jirani. Inaonekana haina madhara lakini sampuli yako yote inahamia kwa watu wanaoshinda nyumbani, wanaofanya kazi mbali wanapotea kimyakimya. Arudi tena, jioni, wikendi, na kila ziara aandike. Ndani ya nyumba pia asihoji aliyefungua mlango, achague mmoja wa watu wazima kwa bahati nasibu, na aandike wako wangapi, manake aliyeko kwenye nyumba ya watu wazima wanne nafasi yake ilikuwa robo ya anayeishi peke yake.

Data zikifika weka kopi ya asili pembeni usiiguse, safisha kwenye kopi nyingine, na kila unachobadilisha andika. Kisha uzito. Uzito wa mtu ni kinyume cha nafasi yake ya kuchaguliwa, yaani 1 gawa kwa nafasi hiyo. Tuseme wote 350 na 150 walijibu, kila wa digrii ya kwanza anawakilisha 5,400 gawa kwa 350, yaani watu kama 15.4, na wa masters anawakilisha 4 tu. Sema wanaotumia maktaba kila wiki ni asilimia 40 kwa wale wa kwanza na 80 kwa wa masters. Ukijumlisha vichwa tu unapata 140 na 120, 260 kati ya 500, asilimia 52. Ukiweka uzito, wa digrii ya kwanza ni 0.9 ya chuo na wa masters 0.1, kwahiyo ni 0.9 mara 40 jumlisha 0.1 mara 80, asilimia 44. Tofauti ya pointi 8 kwa data zilezile! Na kosa lake ukilipiga kwa kila tabaka na kuunganisha linakuja kama 4.7, kwahiyo unaandika asilimia 44, kati ya 39 na 49.

Usipige kosa hilo kwa fomula ya kawaida kama ulitumia klasta, utajidanganya una uhakika ambao huna. Programu ya takwimu ya R ina kifurushi kinachoitwa survey na nyingine inayoitwa Stata ina amri za svy, zote unaziambia tabaka ni lipi, klasta ni ipi, uzito uko wapi, zenyewe zinapiga. Kwahiyo hizo safu tatu ziwepo kwenye faili lako tangu siku ya kuchagua, kuzitafuta baadae ni mateso.

Wasiojibu waangalie ni kina nani. Kama vijana wengi wamekataa na unajua idadi yao kwenye orodha unaweza kurekebisha uzito uendane, ila hapo unadhania vijana waliojibu wanafanana na waliokataa, na dhana hiyo iandike wazi kwenye ripoti. Weka humo pia orodha uliyotumia, jinsi ulivyochagua, tarehe za kuhoji, wangapi walichaguliwa na wangapi wakajibu, na maneno yaleyale ya swali kama yalivyoulizwa. Kila asilimia unayoitaja iwe na kosa lake pembeni, hasa za makundi madogo.