Kufunga bustani kabla baridi ya Minnesota haijakuwahi

Jamani ikifika katikati ya Septemba huku Minnesota, Marekani, anzeni kufuatilia hali ya hewa ya usiku, ya mchana isiwadanganye, maana mchana mtu anatembea na fulana tu halafu usiku joto linashuka mpaka nyuzi 0 za Selsiasi na asubuhi unakuta matembele yote yamekuwa meusi, yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Hiyo ndo jalidi, watu wa sehemu za baridi kama Makete kule Tanzania na Kinangop kule Kenya wanaijua vizuri. Hapa Minneapolis mara nyingi inaingia mwanzoni mwa Oktoba, kuna mwaka inawahi.

Sasa wengi wakisikia baridi inakuja wanang'oa kila kitu wikiendi moja, bustani inabaki kiwanja. Mi naona ni hasara. Zipo mboga waoga na zipo zinazovumilia, anza na waoga.

Waoga ni mchicha, matembele, bamia, nyanya, pilipili, maharage na majani ya maboga. Matembele chuma yote, chemsha dakika moja au mbili, tumbukiza kwenye maji ya barafu, kamua, funga kwenye mifuko weka friza, Januari utanishukuru. Viazi vyake chimba kabla udongo haujapoa sana ila usivioshe, viweke wiki moja hivi mahali penye joto la kama 27 mpaka 30, ngozi ijifunge na utamu uongezeke, na friji usivipeleke kabisa. Mchicha uliokwisha toa maua acha miche miwili mitatu ikomae, kichwa kikianza kukauka kikate, kisugue kwa mikono juu ya sinia, vimbegu vyeusi vitadondoka, peta, tia kwenye bahasha ya karatasi, hapo mwakani huhangaiki kutafuta mbegu.

Nyanya zilizoanza kuwa na weupe au wekundu kidogo zitaivia ndani, zipange kwenye boksi zisilaliane, weka na ndizi mbivu humo humo maana hewa inayotoa ndizi ndo inaziivisha, kagua kila baada ya siku mbili utoe zilizooza. Zile ngumu za kijani kibichi kabisa usizisubiri, tengenezea achari. Na kama baridi ni ya usiku mmoja tu, jioni funika matuta kwa mashuka ya zamani mpaka chini udongoni, asubuhi funua. Nailoni ikigusa majani haisaidii. Mara nyingi baada ya usiku ule wa kwanza joto linarudi siku kadhaa, kwa hiyo shuka moja linaweza kukupa mavuno mengine.

Sukuma wiki, kabichi na karoti ziache hapo hapo. Zikipigwa na baridi zinageuza wanga kuwa sukari, ndo maana sukuma ya Oktoba ni tamu kuliko ya Julai, sibishani na mtu kwenye hili. Ila usichume asubuhi ikiwa imeganda, subiri jua liiyeyushe.

Oktoba hiyo hiyo panda kitunguu saumu. Chukua mbegu kwa wakulima wa huku huku, ile aina yenye shina gumu katikati, cha supermaketi kingi kimetoka sehemu za joto na kinaweza kisivuke baridi. Gawanya punje usizimenye, ncha iangalie juu, shimo la sentimita 5, nafasi sentimita 15, kisha funika na majani makavu unene wa sentimita 10 hivi. Utavuna Julai.

Majani ya miti usiyatupe, pita juu yake na mashine ya kukatia nyasi yasagike, mwaga kwenye matuta, udongo utayala taratibu mpaka masika. Isipokuwa ya mti wa walnut mweusi, hayo yana sumu kwa nyanya. Na mashina ya nyanya yaliyokuwa na ukungu usiyachanganye kwenye mboji ya nyumbani, haipati joto la kutosha kuua ugonjwa.

Bomba la nje watu wanalisahau. Chomoa mpira wa kumwagilia, funga koki iliyopo ndani, halafu fungua ya nje maji yote yaishe, vinginevyo yataganda, yatatanuka na kupasua bomba ndani ya ukuta, na bili ya fundi huku mnaijua wenyewe.

Pilipili mbuzi na mchaichai kama viko kwenye vyungu viingize ndani usiku ukianza kushuka chini ya 10, lakini kwanza geuza majani uyaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, vidukari vinajificha chini yake. Pilipili itapukutisha majani wiki za mwanzo, usiogope na usiizidishie maji, isogeze tu kwenye dirisha la kusini ipate jua.