Kompyuta uliyojiundia haishiki mtandao: tuanze na waya, kisha Wi-Fi

Wakuu, salama. Somo hili ni la yule aliyenunua vipande kimoja kimoja, akaviunganisha mwenyewe, mashine ikawaka, Windows ikakaa vizuri, lakini mtandao hakuna. Au upo, ila unakatika-katika. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuweka Windows upya au kumlaumu mtoa huduma. Subiri kwanza. Kompyuta inayouzwa ikiwa tayari hutoka kiwandani na draiva zake (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) na antena zake ndani. Kwa mashine yako, kiwanda ni wewe, kwa hiyo anza na vile ulivyovishika kwa mkono wako, kisha ndipo uingie kwenye programu. Badilisha kitu kimoja, pima, halafu nenda kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Hatua ya 1: Kosa liko upande gani?

Chukua kebo ile ile uichomeke kwenye kompyuta nyingine, na simu uiunge kwenye Wi-Fi ile ile. Zikishika, ruta haina kosa, shughuli iko kwenye mashine yako. Zisiposhika, acha kufungua kasha, kashughulikie ruta.

Hatua ya 2: Tundu la kebo

Chomeka kebo na uangalie taa ndogo pembeni ya tundu, nyuma ya mashine. Zikiwaka, umeme wa mawasiliano unapita. Zisipowaka, jaribu kebo nyingine na tundu jingine la ruta.

Bado kiza? Zima mashine, chomoa kebo, mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Lile bati la nyuma linalozunguka matundu ya madabodi (bodi kuu ya mashine) lina vilimi vidogo vya chuma. Ukiingiza madabodi kwa haraka, kilimi kimoja huweza kujikunja na kuingia ndani ya tundu la LAN (lile la kebo ya mtandao) badala ya kukaa juu yake. Hapo kebo haifiki mwisho: husikii ule mlio wa "tik", na ukiivuta kidogo inatoka yenyewe. Usikichokoe kwa bisibisi kutokea nje, utapinda vile vipini vinane vya ndani. Fungua skrubu za madabodi, isogeze mbele kidogo, nyoosha kilimi, kisha irudishe. Ni kazi ya kuudhi, lakini ndiyo inayoponya.

Kama tundu ni safi, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) uhakikishe kipengele cha LAN ya madabodi, mara nyingi kimeandikwa Onboard LAN, kiko kwenye Enabled.

Hatua ya 3: Draiva

Taa zinawaka lakini Windows inasema hakuna mtandao? Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows). Ukiona Ethernet Controller au Network Controller yenye pembetatu ya njano, kifaa kinaonekana ila hakina draiva. Hii ni kawaida kwenye madabodi mpya, maana Windows uliyoweka huenda ni ya zamani kuliko chipu yenyewe.

Unapataje draiva bila intaneti? Simu ya Android. Iunge kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows itaiona kama kadi ya mtandao. Simu nyingi hushirikisha hata Wi-Fi iliyoshika yenyewe, kwa hiyo bando lako linaweza kusalimika. Njia nyingine ni kupakua faili kwenye kompyuta nyingine na kulihamisha kwa flashi.

Pakua kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa madabodi, kwa jina kamili la modeli. Hizi programu za "kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja" ziache kabisa, nasema kwa moyo wote. Kama hujui chipu ni ya nani, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, chagua Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14C3 ni MediaTek.

Hatua ya 4: Anwani

Fungua Command Prompt, andika ipconfig /all. Anwani ya mashine kwenye mtandao (IPv4 Address) ikianza na 169.254, mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Rudi kwenye kebo, au angalia kama uliwahi kuandika anwani ya IP kwa mkono. Iache ijichukulie yenyewe.

Anwani ikiwa sawa, panda ngazi hivi: piga ping (andika ping kisha anwani, uone kama inajibu) kwenye anwani iliyoandikwa Default Gateway, ambayo ni ruta yako. Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko kwenye intaneti. Ikijibu hiyo lakini kurasa hazifunguki, tatizo ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba): andika ipconfig /flushdns, au weka DNS ya 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya kadi.

Hatua ya 5: Wi-Fi

Kama madabodi yako ina Wi-Fi, nyuma kuna vichwa viwili vya dhahabu vyenye uzi wa skrubu. Hivyo ni vya antena, na antena ziko ndani ya boksi, kwenye kifuko ambacho watu hukitupa wakidhani ni cha skrubu za akiba. Bila antena, mashine inaweza kuona ruta iliyo chumba kile kile na isione kitu ukisogea. Zifunge zote mbili, na usiziache zimebanwa kati ya kasha la chuma na ukuta.

Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali ila yana msongamano, 5 GHz yana kasi ila hayapendi kuta. Kwenye 2.4 iweke ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Kama kadi yako ni ya 6 GHz na huioni hiyo 6 GHz, kumbuka inahitaji Windows 11 na ulinzi wa WPA3.

Vyote vikishindikana, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, uwashe mashine upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kebo inashika lakini kasi haivuki 100 Mbps, wakati ruta ni ya gigabiti (1000 Mbps).

Jibu: Kebo, ndugu yangu. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili za nyaya, gigabiti inataka zote nne. Waya mmoja kati ya nane ukikatika au kichwa kikibanwa vibaya, kadi huweza kushuka hadi 100 bila kulalamika. Badilisha kwa Cat5e au zaidi.

Swali: Nimeweka kadi ya Wi-Fi ya PCIe (ile ya kuchomeka kwenye madabodi). Wi-Fi safi, Bluetooth haipo kabisa.

Jibu: Kadi hizo hupitisha Wi-Fi kwenye PCIe, lakini Bluetooth hupita kwenye USB. Kuna kawaya kadogo kalikuja na kadi. Kachomeke kwenye vipini vya USB 2.0 vilivyo kwenye ukingo wa chini wa madabodi.

Swali: Jana Wi-Fi ilikuwepo, leo hata Device Manager haiioni. Sijagusa kitu.

Jibu: Zima mashine, zima swichi ya pawa saplai nyuma, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 umeme uliobaki uishe. Chipu ya Wi-Fi ikiganda, kuwasha upya kwa kawaida hakuitoshi, maana madabodi bado inailisha umeme. Ikirudi, nenda Power Management ya kadi uondoe alama ya kuruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme.

Swali: Dada hapa. LAN yangu ni ya 2.5G, Intel I225-V, inakatika sekunde chache kisha inarudi.

Jibu: Dada, matoleo ya mwanzo ya chipu hiyo yana tatizo hilo kwenye kasi ya 2.5G. Sasisha draiva kwanza. Ikiendelea, fungua kadi kwenye Device Manager, Advanced, Speed & Duplex, uiweke 1.0 Gbps Full Duplex. Kama intaneti yako haizidi gigabiti moja, hutapoteza kitu. Jaribu siku mbili tatu kisha utuambie.